Robo Mzunguko

Mimi ni fundi baiskeli, Pasua, Moshi.
Ringi zilizopinda ndizo unga wa nyumba yangu.
Nalizungusha gurudumu, nafumba jicho moja,
naona linapoyumba,
nakaza spoki: robo mzunguko, basi.
Ukizikaza zote siku moja, ringi inakufia mkononi.

Kwa hiyo Daktari Kisanga aliponitajia miezi ishirini na miwili
sikushtushwa na muda.
Nilishtushwa na bei.

Alibandika picha ya taya la mwanangu penye taa:
Anande, miaka kumi na minne,
chonge mbili za juu zimewapanda wenzao mabegani
kama watoto wanaogombea kutokea kwenye picha ya darasa.

"Zipo na zile za plastiki angavu," alisema,
"huvaliwa saa ishirini na mbili, huvuliwa wakati wa kula.
Zikisahaulika mfukoni, jino halisogei."
Nikamtazama Anande,
aliyepoteza masweta matatu kwa muhula mmoja.
"Mfungie za waya, daktari. Zile zisizovulika."

Na hili alilisema mapema, nisije kumdai baadaye:
waya hunyoosha, haifuti rangi.
Ukahawia ule ni wa maji ya Maji ya Chai,
kwa bibi yake, alikokaa hadi darasa la pili.
Utabaki palepale, ila umepanga foleni.

Siku tatu za mwanzo hata ugali ulikuwa mfupa.
Mama yake akapika mtori asubuhi, mtori jioni,
mpaka Elirehema, mdogo wake, akauliza
nani hasa anaumwa humu ndani.
Nta kidogo, punje ya mtama,
juu ya chuma kinachokwaruza shavu.
Brashi kila baada ya mlo.
Mahindi ya kuchoma, marufuku. Miwa, marufuku.
Kashata aliila kwa siri, kibanio kikabanduka,
nami nikalipa thamani ya tairi mbili.

Kila mwezi tulizipanda ngazi zile za Barabara ya Rengua.
Daktari anabadilisha vipira, anakaza kidogo,
mimi mlangoni naiangalia mikono yake
kama fundi amwangaliavyo fundi.
"Mbona inauma?" Anande aliuliza, kinywa wazi.
"Mfupa unabomoka upande huu, unajengeka upande ule.
Jino linahama na nyumba yake."

Hilo sikulijua.
Ringi haijijengi.

Mwezi wa tano yakawa mabaya kuliko tulikoanzia,
pengo katikati, la kupitisha kiberiti.
Alilia. Nikasema, subiri. Sikuwa na hakika.

Tangu darasa la nne, Anande akicheka
kiganja hupanda kufunika mdomo,
kama Kibo inavyojitandia wingu ikifika saa nne,
wageni wakabaki na kamera zao.

Siku waya ilipotoka alipitisha ulimi mara nyingi.
"Yanateleza," akasema, "kama vikombe vya wageni."
Daktari akampa kishikizo cha kulalia, kila usiku,
maana meno hayasahau njia ya kwao.

Tukarudi nyumbani. Elirehema akaigiza mwalimu wao wa hesabu,
Anande akacheka,
na kiganja kikapanda.

Yote daktari aliyataja, isipokuwa mkono.
Mkono haukufungwa waya,
nami katika boksi langu sina spana yake.

Jana nilimwomba anishikie gurudumu la mteja,
ekseli kulia, ekseli kushoto, mikono yote miwili.
Nikateleza kwenye grisi, nikakaa chini kama gunia.
Akacheka. Gurudumu likamzuia.
Nikayaona yote, ya kahawia, yamenyooka, hadi magego.

Nikainuka, nikarudia kazi polepole mno.
Ringi ilikuwa imekwisha kunyooka.
Nikakaza robo.
Nikalegeza robo.
"Bado kidogo," nikamwambia, "usiachie."